Mahali pa Gitaa la Pili

Sultan Hamud
9 Juni 2024

Kwako Baba mdogo Mwangangi,

Huku tuko, hatulali njaa na hatuna mgonjwa. Mvua ilikatika mapema lakini Mama amevuna kunde za kutosha kule Kalamba, na nilipomtembelea Jumapili nilimkuta anazianika huku akigombana na kuku. Magoti yanamsumbua, mdomo hauna shida. Mimi bado niko kwenye lile duka la dawa za mifugo hapa mjini Sultan Hamud. Msalimie sana Mama mdogo Muthoki, na umwambie ule muthokoi wa mahindi na maharagwe alionifungia mara ya mwisho nilimaliza kabla ya gari kufika Machakos.

Tangu masikio yako yazibe tumekuwa tukitumiana ujumbe wa simu wa maneno manne matano: umefika, nimefika, Mungu ni mwema. Leo nina jambo refu kidogo, kwa hiyo nimeshika kalamu. Ninaandika Kiswahili kwa sababu Kikamba nakizungumza tu, kukiandika kunanishinda, na sitaki unicheke.

Jambo lenyewe ni hili. Tarehe ishirini na nane Desemba tunaweka msalaba kwenye kaburi la Baba. Kutakuwa na ibada fupi, kisha chakula. Mwaka jana tulipomzika hukuja, na watu walisema walivyosema. Mimi sijakuuliza na sikuulizi sasa. Ninachosema ni kwamba Baba alikuwa na ndugu mmoja, na ndugu huyo ni wewe, na ningependa uwepo. Mama hajasema uje. Hajasema usije pia.

Nijibu ukipata nafasi. Barua naituma kwa magari, utaipokea dukani kwa Abdallah pale Mwingi, kama mizigo mingine.

Ni mimi mtoto wako,
Kathini


Migwani
2 Julai 2024

Kathini binti yangu,

Barua yako ililala kwa Abdallah wiki nzima, kwa sababu aliiweka chini ya katoni ya sabuni akaisahau. Nimemsamehe, maana ndiye anayeniuzia betri kwa bei ya binadamu. Huku ndengu zimefanya vibaya, mbaazi zinaelekea kufanya vizuri. Muthoki ni mzima. Kwa vile sisikii, siku hizi ananigombeza kwa mikono, na nakuambia ni mbaya zaidi. Habari ya magoti ya mama yako nimeisikitikia kweli.

Sasa hilo la msalaba.

Wewe ulikuwa mtoto mdogo sana, na sijui uliambiwa nini. Mimi na baba yako Muindi tulipiga muziki pamoja tangu tukiwa vijana. Muindi alikuwa gitaa la kwanza na ndiye aliyeimba. Mimi nilikuwa gitaa la pili. Mwaka wa tisini na moja tulipata nafasi ya kurekodi Nairobi. Siku chache kabla ya safari nikaokoka, kwenye mkutano wa injili hapa sokoni, na mhubiri akatuambia muziki wa baa na wokovu havikai nyumba moja. Nilipanda gari na wenzangu hata hivyo, maana sikujua nitamwambiaje ndugu yangu. Tulipofika Matuu gari likasimama watu wanunue matunda. Nikachukua gitaa langu, nikashuka, sikurudi. Sikumuaga.

Wao waliendelea Nairobi wakarekodi. Wimbo wa santuri moja ulinihusu mimi, unaitwa "Aliyeshuka Njiani". Niliapa sitausikiliza. Nikiwa sokoni nikisikia ukianza kwenye duka, naondoka hata kama bado sijapewa chenji. Nimefanya hivyo miaka yote hiyo, na sasa nimekuwa kiziwi, na hata nikitaka siwezi.

Kwa hiyo nisaidie wewe. Utafute wimbo huo, uusikilize vizuri, uniandikie unasema nini na maana yake ni nini. Nataka kujua kama ndugu yangu alinifuta au aliniachia mlango. Kama alinifuta, sina kazi kwenye kaburi lake, na wala nisiwaharibie chakula. Ukiniandikia ukweli, nitajua cha kufanya.

Baba yako mdogo,
Mwangangi


Sultan Hamud
21 Julai 2024

Kwa Baba mdogo,

Nashukuru umenijibu, na mwambie Abdallah aache kulalia barua za watu. Mama anakusalimia. Sio kweli, hajakusalimia, lakini aliniona nikisoma barua yako na akauliza kama ndengu zilitoka, na hiyo kwa Mama ni salamu.

Wimbo nimeupata. Santuri yenyewe Mama anayo kabatini, lakini hatuna cha kuichezea, kwa hiyo nilikwenda kwa kijana mmoja hapa Hamud anayeuza nyimbo za zamani, akanitilia kwenye flash. Uko sehemu mbili, kama santuri ilivyokuwa na pande mbili. Nimesikiliza sehemu ya kwanza, yenye maneno, mpaka jirani akauliza kama nimeachwa na mtu. Nimeyageuza Kiswahili hivi.

Ubeti wa kwanza anasema: tulikaa wawili kiti kimoja cha gari, magitaa magotini, na safari ilikuwa tamu.

Wa pili: gari liliposimama Matuu mwenzangu alisema anashuka kununua ndizi, kumbe anakwenda kununua mbingu.

Wa tatu: hayo ni yake na nyumba yake, mimi sitayasema tena. Dereva, washa gari, aliyeshuka amefika kwake.

Maana ninavyoiona mimi ni kwamba ana uchungu, lakini ni uchungu wa mtu anayejaribu kucheka. Lile la ndizi na mbingu ni mzaha, si laana. Halafu kuna jambo nimeligundua. Kwenye nyimbo zake nyingine zote Baba anataja watu kwa majina: anajitaja yeye, anataja wapiga ala, anataja soko alikozaliwa na hata fundi wa magari. Kwenye wimbo huu hakutaja jina lako hata mara moja. Nadhani alikuhurumia. Hakutaka watu wakunyooshee kidole.

Kwa hiyo naona mlango uko wazi, Baba mdogo. Njoo Desemba.

Kathini


Migwani
11 Agosti 2024

Kathini,

Mbaazi tumevuna, na Muthoki amechaguliwa kuwa mweka hazina wa akina mama kanisani, kwa hiyo siku hizi anatembea polepole. Wewe na kazi mko sawa? Wazee wa huku wanauliza utaolewa lini, nikawaambia waandike barua wenyewe.

Nimesoma kazi yako mara nyingi. Umeandika vizuri, lakini umeniruka ubeti.

Nilikaa na Muindi tukitunga nyimbo tangu tukichunga mbuzi. Hakuwahi kutunga wimbo wa beti tatu. Ni beti nne daima, kwa sababu alihesabu kwa vidole na kidole gumba alikiachia kiitikio. Halafu tazama ulichoniandikia. Ubeti wako wa tatu unaanza, "hayo ni yake na nyumba yake." Hayo yapi? Mtu akishuka gari kununua mbingu, nyumba inaingiaje? Kuna kitu kilisemwa hapo katikati na wewe umekitoa, kama mwanamke anayechambua mchele wa wageni.

Na kuhusu jina langu, hapo hatuelewani. Wewe unaona kutonitaja ni huruma. Kwetu sisi wanamuziki mtu ukimtaja wimboni umemsalimia, hata kama unamtukana. Watu walikuwa wakitununulia soda ili tuwataje. Usipomtaja mtu uliyezaliwa naye, umemwacha nje ya nyumba. Ndivyo ninavyouelewa mimi, na wala simlaumu.

Uniandikie ubeti uliobaki. Sitakuja Kalamba kwa ajili ya beti tatu.

Mwangangi


Sultan Hamud
20 Oktoba 2024

Baba mdogo,

Nimechelewa kukujibu na sababu nitakayokupa ni kwamba duka lilikuwa na kazi nyingi, ugonjwa wa kuku ulipita huku na watu walipanga foleni kwa ajili ya chanjo. Kazi ilikuwepo kweli. Mvua sasa imeanza, Mama amepanda, na miembe yake imechanua mpaka matawi yameinama. Amepeleka jina la Baba kwa fundi wa msalaba, na fundi akaandika mwaka usio wake, na wakagombana hadi akaandika upya.

Mara mbili niliketi kukuandikia nikaacha. Nilimwuliza Mama nifanye nini na ule ubeti. Alikuwa akipepeta, akaendelea kupepeta. Halafu akasema, "Yeye ndiye amekuuliza. Mimi hakuniuliza." Basi.

Ubeti wa tatu hasa unasema hivi: aliyeshuka amejenga nyumba kubwa, lakini ndani hakuna mtoto wa kumwita baba. Akifika mbinguni ataulizwa amekuja na nani, atasema amekuja na gitaa. Halafu ndiyo unakuja ule niliouita wa tatu, hayo ni yake na nyumba yake.

Sina maelezo ya kukupa. Nimejaribu kuutafutia maana nyingine na sikuipata. Ni maneno mabaya na Baba aliyasema kwa sauti yake nzuri kabisa. Nilipousikia mara ya kwanza nilizima, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilijua wewe na Mama mdogo mlitafuta mtoto miaka mingi, na nilimchukia Baba siku hiyo nzima, na yeye yuko kaburini hawezi kujitetea. Ndiyo sababu niliuficha. Na kweli nilitaka uje.

Usipokuja nitaelewa.

Kathini


Migwani
3 Novemba 2024

Binti yangu Kathini,

Mvua huku imenyesha hadi choo cha jirani kimeanguka, bila mtu ndani, Mungu asifiwe. Muthoki anakusalimia, na amesema uache kuosha vyombo safi, uje uoshe vya kwetu.

Ule ubeti naujua. Nimeujua tangu wiki ile ile santuri ilipotoka. Watoto waliuimba nyuma yangu nikienda kanisani, na mwanamume mmoja mlevi aliuimba kwenye harusi mbele ya Muthoki. Ulituuma sana. Muthoki hakuweza kwenda sokoni mwezi mzima. Kwa hiyo usijione umeniua, maneno yale yalinifikia zamani kwa midomo ya watu. Wimbo wenye maneno haufichiki hata ukiziba masikio.

Utaniuliza kwa nini basi nilikusumbua. Kwanza nilitaka kujua kama ninaweza kutegemea masikio yako. Sasa nimejua kwamba ninaweza, ingawa ulichukua muda. Pili, nilichotaka hasa hujanipa bado, na kosa ni langu kwa kuwa sikusema waziwazi. Nilidhani utafika huko mwenyewe.

Umesema wimbo uko sehemu mbili. Umeniandikia ya kwanza tu. Ya pili haina maneno, ni magitaa matupu, na najua ndiyo sababu umeiacha. Kila mtu huiacha. Lakini sisi hatukuwa tukisema mambo yetu ya kweli kwenye maneno, maneno ni ya watu wa baa. Upande wa pili ndipo tulipozungumza sisi wawili. Gitaa la kwanza linauliza, la pili linajibu. Muindi alikuwa ananitupia kitu, na mimi namrudishia kwa namna yangu, na kama nimemjibu vizuri anacheka na kutupa kigumu zaidi. Tulikuwa hivyo tangu utotoni. Hakuna mtu angeweza kuja kutuimbia hicho sokoni, kwa hiyo hakijanifikia kamwe.

Nataka kujua nani alimjibu baada ya mimi kushuka. Kwenye gari lile alikuwemo Nthiwa, kijana wa kule Kabati, ambaye alijua kila nilichopiga. Kama Muindi alimpa mahali pangu upande wa pili, basi mambo yalikwisha Matuu na hakuna haja ya mimi kupanda gari. Maneno ya hasira mtu huyasema na kuyajutia. Mahali pako akipewa mtu mwingine, hapo umetolewa.

Sikiliza sehemu ya pili. Tafuta mtu anayejua gitaa akusaidie.

Mwangangi


Sultan Hamud
17 Novemba 2024

Baba mdogo,

Salamu za juujuu leo: sote wazima, msalaba umekamilika, Mama amenunua mchele.

Nilimwomba Kivuva, anayepiga gitaa kanisani kwetu, aje nyumbani Jumapili baada ya ibada. Alikuja na gitaa lake, na alikuwa na aibu kidogo kwa sababu ya aina ya wimbo, nikamwambia sehemu hii haina maneno kwa hiyo haina dhambi. Tumesikiliza mchana wote. Nakuandikia tulichosikia bila kuongeza.

Kivuva anasema kwenye sehemu ya kwanza, chini ya kuimba, gitaa la pili lipo. Linapigwa vizuri na mtu mwenye mkono mwepesi. Huyo bila shaka ni Nthiwa.

Sehemu ya pili inaanza na besi na drams. Halafu gitaa la Baba linaingia. Linapanda, linageuka juu, linashuka na kusimama kabla ya kufika chini, kama mtu aliyeuliza swali. Halafu hakuna kitu. Besi inaendelea, drams zinaendelea, lakini gitaa hakuna, si la kwanza wala la pili. Baada ya muda, urefu ule ule aliouchukua kuuliza, Baba anauliza tena, kwa namna nyingine kidogo. Halafu anangoja tena. Ni hivyo mpaka mwisho wa santuri. Anauliza, anangoja. Mara moja tu, karibu na mwisho, anarudia swali lile lile la kwanza bila kulibadilisha. Kisha wimbo unafifia.

Nthiwa hasikiki kabisa. Nilimwambia Kivuva arudie kutoka mwanzo na tukaongeza sauti, hasikiki.

Kivuva anasema ni makosa ya studio, labda waya wa gitaa la pili ulichomoka na hawakuwa na pesa ya kurudia. Amesema kama angekuwa yeye asingeikubali itoke hivyo, inasikika kama meza iliyokatwa mguu. Mimi sijui. Ninaweza kukuambia kilichopo, lakini kwa nini kipo hivyo siwezi, na sitaki tena kukupa maana ninayoitaka mimi.

Kathini


Migwani
30 Novemba 2024

Kathini,

Mwambie Kivuva waya haukuchomoka. Ungechomoka, fundi wa studio angesimamisha kazi, na Nthiwa asingenyamaza, alikuwa mtu wa kelele. Na Muindi, kama alidhani hakuna wa kumjibu, asingeacha nafasi. Angejaza mwenyewe, alikuwa na vidole vya kutosha. Mtu haachi nafasi yenye urefu kamili wa jibu kwa bahati mbaya. Kwenye bendi ni mmoja tu anayeweza kumwambia mwenzake usipige hapa, naye ni mwenye bendi.

Unaweza kusema ninajitungia. Muthoki amesema hivyo. Lakini nimepiga naye miaka kumi na kitu, najua akingoja anangojaje.

Ubeti wa tatu ni wa kweli na aliukusudia. Upande wa pili pia ni wa kweli. Alinitukana upande mmoja na kuniita upande wa pili, na mimi nimeishi na upande mmoja tu tangu nikiwa kijana mpaka meno yamenitoka. Alikuwa akiniuliza kwenye kila duka, kwenye kila redio, na mimi ndiye niliyekuwa naondoka haraka kabla hajafika hapo.

Nililia, Kathini. Muthoki alikuja mbio akauliza nani amekufa, nikamwambia ni Muindi. Akasema, "Huyo si alikufa mwaka jana?" Nikamwambia ndiyo, lakini mimi nimepata habari leo.

Nitakuja. Nitakuja na gitaa. Mtafutie mama yako maneno ya kumwambia, mimi sina. Unitafutie spika kubwa ya kukodi na uiweke chini karibu na kiti changu, niweke goti langu hapo, besi nitaipata mguuni. Gitaa la Muindi sitalipata kwa namna yoyote, kwa hiyo wewe ukae mbele yangu. Akiwa anauliza, mkono wako uwe chini. Akinyamaza, uinue. Mkono ukiwa juu, hapo ni pangu.

Mwangangi


Sultan Hamud
5 Januari 2025

Kwako Baba mdogo,

Tumefurahi kusikia mlifika salama na kwamba mbuzi hawakula mahindi mkiwa safarini. Mama ameambiwa na Mama mdogo kwa simu kwamba unasifu pilau yake, na amejifanya hakusikia, kisha akaniambia nirudie. Maembe yameanza kuiva. Tutawatumia debe moja kwa Abdallah, kama hatayaweka chini ya sabuni.

Siku ile uliniuliza kwa kuandika kwenye kikaratasi, "Ilikuwaje?" na mimi nikatikisa kichwa tu, maana watu walikuwa wengi. Sasa nakujibu, kwa kuwa hukusikia na ni haki yako kujua. Nitakuandikia kama nilivyokuandikia ile ya Baba, bila kuongeza.

Kwanza Mama. Hukuona, lakini alisubiri mchungaji na wazee wa kanisa wamalize kula, akawafungia na nyama ya kubeba, akawasindikiza mwenyewe mpaka barabarani na magoti yake hayo. Aliporudi akaniambia, "Sasa washa hicho kitu." Kile kiti ulichokalia ni cha Baba. Aliyekitoa nje ni yeye, sio mimi.

Kivuva alikuwa amekufungia nyuzi vizuri, lakini amesema nikuambie uzi wa tatu ulilegea katikati, na ulikuwa unalia chini ya wenzake. Mara ya kwanza nilipoinua mkono, wewe ulichelewa kuingia. Baba alikuwa karibu kuuliza tena ndipo ukaanza, mkagongana. Mara ya pili uliingia kwa wakati lakini ulipiga kwa woga, noti chache tu. Nadhani ulikuwa unasikilizia goti. Mara ya tatu ulifunga macho, nikaogopa hutauona mkono, lakini ukafungua mdomo kama mtu anayetaka kusema kitu na ukaingia hasa pale. Hapo wanaume waliokuwa wakiongea nyuma ya nyumba walikuja mbele. Mzee mmoja, sijui ni wa wapi, aliweka sahani chini akasema, "Hao ni wale wawili." Tangu hapo sikuwa naona kazi ya mkono wangu, mlikuwa mnajua wenyewe. Anauliza, unajibu. Lile swali alilolirudia karibu na mwisho, ulimjibu kitu kilichomfanya Kivuva ashike kichwa. Amejaribu kukipiga tangu siku hiyo na hajakipata. Mama mdogo alikuwa akipiga makofi, yeye aliyeshindwa kwenda sokoni kwa sababu ya wimbo huu huu.

Kuna jambo moja zaidi. Kwenye kikaratasi chako uliandika kwamba upande wa pili ni mrefu kuliko ulivyodhani, na kwamba Muindi alikupa nafasi kubwa sana pale mwishoni. Nimefikiria kama nikuache na hilo. Lakini ulisema unataka kutegemea masikio yangu.

Hakukupa, Baba mdogo. Wimbo ulikwisha. Ulififia kama unavyofifia kwenye santuri zote, spika ikanyamaza, na wewe ulikuwa katikati ya kujibu, macho umefunga. Labda ulidhani goti limekufa ganzi. Kivuva alinitazama nishushe mkono. Sikushusha. Ukafungua macho mara moja tu, ukaona mkono uko juu, ukaendelea. Ulipiga peke yako muda mrefu, pamoja na ule uzi uliolegea, na watu wote uwanjani walisimama, na hakuna aliyekuja kukugusa bega. Ulimwambia yote. Mkono ulipoanza kuchoka Mama alisimama nyuma yangu akanishika kiwiko, akauzuia usianguke, tukakaa hivyo mpaka ukamaliza mwenyewe.

Mtoto wako,
Kathini